Fizi za Yohani

Bashay, Karatu
18 Februari 2024

Mwanangu Angela,

Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia za Bibi yako mpaka za ndama aliyezaliwa juzi. Sisi wazima. Bibi anakula vizuri ila macho yanazidi kuingia ukungu. Sasa anatambua watu kwa hatua zao, na akikosea anasema kosa ni la viatu. Julius amemaliza kulima kipande cha chini chote, amepanda mahindi na maharage ya ngwara, anakusalimu sana.

Ninakuandikia kwa sababu simu yako haipatikani, na siku inayopatikana inakata kabla sijamaliza kuitikia shikamoo yako. Supeet, yule dereva wa gari la mboga, ameniambia nikimpa barua siku anayopakia kabichi hapa Karatu ataileta mpaka mkononi mwako huko Loliondo, barabara ikimruhusu. Kijana mwenye adabu. Nimempa na mayai, sijui yatafika yakiwa na hali gani.

Kwanza hongera kwa kutolewa jikoni na kuwekwa mapokezi hapo kambini kwenu kwa watalii. Jumapili baada ya misa niliwaambia akina mama wa jumuiya. Sikujivuna, niliwaambia tu, mmoja mmoja, mpaka wakaisha. Blandina wa duka la vifaa vya ujenzi akauliza mbele ya watu, "Mapokezi, na meno yale?" Nikamwambia mwanangu ana daktari wake wa meno Arusha, na mvua zikishafunga kambi anakwenda kutengenezwa meno meupe kama haya yangu. Nikamwonyesha yangu. Mimi maji ya huku hayakunikuta, nilikuja kuolewa kutoka Mbulu nikiwa mtu mzima. Nyinyi mlikunywa kisima kile tangu tumboni, na maji yenyewe yana madini yanayogeuza meno kahawia. Si uchafu, na kila anayesema ni uchafu nimemjibu.

Sasa la pili, ndilo kubwa. Tarehe 24 mwezi wa nane baba yako anatimiza miaka minne tangu atutoke. Kaburi litakuwa limejengewa, Padri amekubali kuja kulibariki. Wewe ndiye kifungua mimba, shada la kwanza ni lako. Nimetafuta picha ya kuweka mbele kanisani. Picha zote amefunga mdomo kama mtu aliyeulizwa kodi, hata ile ya harusi yetu. Ndivyo mlivyo watu wa kisima kile, mkiona kamera midomo inafungwa. Mtu aliyekuwa akicheka chini ya trekta wakamsikia barabarani, hana hata picha moja anayocheka.

Lakini si neno, maana tuna wewe. Julius amechukua sura ya kwetu. Wewe ukicheka, mdomo wa juu ukapanda na fizi zote zikatoka nje, ni Yohani mtupu. Nataka siku hiyo ndugu na majirani wakuone ucheke, wajue kwamba Yohani Tluway hajaondoka kabisa. Hilo ndilo ninalolitaka. Mengine ni chakula tu na viti vya kukodi.

Mama yako akupendaye,
Marsela

*

Kambini, Loliondo
17 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mwambie Bibi shikamoo yake nimeiandika peke yake, isichanganywe na yako. Mimi mzima. Mayai yalifika matano, mengine yalikuja ndani ya barua, ikabidi niianike barua kwenye kamba ndipo niisome.

Kazi ya mapokezi si ngumu. Ninawapokea wageni kwa taulo za kujifutia vumbi na maji ya limao, ninawaandika, ninawaonyesha mahema. Kitu kigumu ni picha. Kila mgeni anataka picha nami, na msimamizi ananisihi nicheke, anasema wageni wanadhani nimewakasirikia. Nikicheka mkono unapanda wenyewe kufunika mdomo.

Nilipokwenda Arusha mwezi wa kwanza, Daktari Naomi alinikagua na kunieleza atakavyofanya. Meno ya mbele atayafunika kwa vibamba vya kauri, vyembamba kama ukucha, vinavyogandishwa juu ya jino lako mwenyewe. Ili vikae itabidi asugue jino kidogo, na jino likishasuguliwa halirudi kuwa lilivyokuwa. Kabla ya hapo atashughulikia fizi. Anasema fizi zangu zinashuka mno na zinaonekana mno ninapocheka, kwa hiyo atazikata na kuzichonga upya, meno yaonekane marefu. Zikikatwa hivyo hazioti tena.

Mama, hili la fizi nimekuandikia makusudi. Nimepangiwa tarehe 16 Aprili. Ukiwa na neno lolote, niandikie nilipate kabla ya siku hiyo.

Habari za shada nimezisoma. Nashukuru.

Mwanao,
Angela

*

Bashay, Karatu
5 Aprili 2024

Mwanangu Angela,

Marahaba mama, na Bibi amesema marahaba yake pia isichanganywe na yangu. Pasaka tumeila vizuri, Julius alichinja beberu. Mvua imeshika kweli, Supeet anasema huko kwenu magari yanalala njiani, ndiyo maana barua yako imechelewa kunifikia. Ataondoka kesho, kwa hiyo ninaandika haraka haraka na unga mikononi.

Kauri. Nilivyosoma neno hilo nilikaa chini. Nimewaambia akina mama kwamba si meno ya bandia ya kutoa usiku na kuweka kwenye glasi kama ya mzee Ngoyai, ni kauri, ile ile ya vikombe vya wageni. Blandina akasema basi usinywe chai ya moto utapasuka. Wakacheka. Nikamwambia yeye anauza vigae vya kubandika ukutani, binti yangu anabandikwa vyake mdomoni na daktari, tofauti hiyo ataizoea. Akaanza kuuliza bei ya maharage.

Padri naye nimemwambia. Amefurahi, amesema vijana wa siku hizi wana bahati. Sasa kanisa zima linakusubiri, hata wale wa kigango cha juu.

Kwa hayo mengine ya daktari, yeye ndiye aliyesoma. Mimi niliishia darasa la saba, nitaongeza nini? Kula vizuri kabla ya kwenda, usiende na njaa. Ninakutumia asali ya Mbulu kwenye chupa ya plastiki, safari hii haitavunjika.

Shada nimeshaliagiza kwa mama mmoja mjini anayetengeneza ya maua ya kudumu.

Mama yako,
Marsela

*

Arusha
2 Juni 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mnaendelea vizuri na mahindi yamebeba. Nimekaa huku Arusha kwa rafiki yangu Sabina, tuliyefanya naye kazi jikoni, tangu kambi ifungwe. Asali yako ndiyo iliyonilisha. Kwa muda nilikuwa mtu wa uji na asali tu.

Yameisha. Fizi zilikuwa za kwanza. Alinipiga sindano za ganzi, sikusikia maumivu, ila nilisikia harufu ya kitu kinachoungua, kama tulipokuwa tukichoma kwato za ng'ombe pale jikoni, na kujua kwamba kinachoungua ni mimi. Mdomo ulivimba nikawa siwezi kuita jina la Sabina. Halafu tukasubiri zipone. Wiki iliyopita ndipo aliposugua meno. Unga uliotoka ulikuwa kahawia, akanifutia shavuni.

Alipomaliza kugandisha akanipa kioo. Nikacheka, na mkono ukapanda kufunika mdomo kwa mazoea. Daktari Naomi akaukamata mkono akaushusha magotini kwangu, akaushikilia hapo, akasema, "Cheka tena." Nikacheka tena.

Nilikaa na kile kioo muda mrefu mpaka mgonjwa mwingine akaingia. Mle ndani nilikuwa mimi peke yangu, Mama. Sijui niliandikeje zaidi ya hapo.

Ninakuja nyumbani tarehe 14, nitakaa mpaka Jumatatu, kisha nirudi kambini. Nina hamu na mboga yako ya ngwara.

Mwanao,
Angela

*

Bashay, Karatu
30 Juni 2024

Mwanangu Angela,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Tumeanza kuvuna, Julius amekonda kwa kazi lakini anasema hajakonda. Ndama anaruka. Bibi mzima.

Tangu uondoke hapa kwetu kumekuwa kama ofisi. Watu wanapita kuuliza daktari anaitwa nani, anapatikana mtaa gani. Mke wa mwenyekiti amesema hajawahi kuona meno kama yale kwa mtu aliyezaliwa Bashay. Blandina mwenyewe, Blandina, amekiri kwamba umependeza, akasema unafanana na wasichana wa kwenye kalenda. Nikamwambia kalenda ndiyo inayofanana na wewe.

Lile gauni la bluu lilikukaa. Viatu pia. Nywele usizikate.

Nilishangaa ulipoondoka Jumapili asubuhi na tulikuwa tumekubaliana Jumatatu. Kuku nilikuwa nimeshamnyonyoa. Niliwaambia watu umeitwa kazini ghafla kwa sababu wageni wamejaa, na nadhani ndivyo ilivyokuwa.

Kama ni Bibi ndiye aliyekuudhi, msamehe. Uzee una mambo. Tangu ulipokuja amekuwa na wasiwasi, anauliza yule mgeni alikuwa nani, mbona amekaa kitandani kwa Angela. Hakukujua, mwanangu. Kwake wewe ulikuwa ukicheka anamsikia mwanawe, sasa sura imemchanganya. Usilichukulie moyoni. Atazoea.

Vigae vya kaburi vimefika, vya kijivu. Tarehe ni ile ile, 24 Agosti. Omba ruhusa mapema.

Mama yako,
Marsela

*

Bashay, Karatu
28 Julai 2024

Mwanangu Angela,

Hatujambo. Barua ya mwezi jana Supeet anasema alikukabidhi mkononi, ukaipokea, ukamshukuru, ukaingia ndani. Amerudi mara mbili mikono mitupu. Nimemwuliza kama unaumwa, anasema huumwi. Nimemwuliza kama umekonda, anasema mama, mimi nashusha kabichi, sipimi watu.

Baridi ya huku mwaka huu ni kali, Bibi haondoki jikoni. Anakuulizia. Julius pia.

Fundi amemaliza kaburi. Limetoka zuri kuliko yote pale, hata la mzee Vedasto.

Niandikie hata mstari mmoja kwamba unakuja. Nimeshawaambia watu.

Mama

*

Kambini, Loliondo
11 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Wape wote salamu.

Bibi hakuona mgeni. Nilipofika alinishika uso kwa mikono miwili, akapitisha kidole gumba kwenye midomo yangu mpaka kwenye meno, akanisalimu kwa lugha ya nyumbani, "Saita, Angela, umenawiri." Kisha akaniomba ugoro, nikamwambia sina, akasema basi nimenawiri bure. Tulicheka wote wawili. Bibi hajakosea hata mara moja.

Aliyeona mgeni ni wewe. Ulinipakulia chakula ukitazama sahani. Uliniuliza habari za kazi ukitazama jiko. Umesifu gauni langu, viatu, na nywele, na umenitajia sifa za kila aliyeniona pale Bashay, lakini hukusema wewe ulionaje. Jumamosi jioni Julius alipotuhadithia beberu aliyekula daftari la madeni la Blandina, nikacheka, ukasimama ukasema unakwenda kufunga kuku. Kuku walikuwa wamefungwa. Nilikuona kupitia dirishani umesimama uani umeshika kiuno, unaangalia shambani. Ndiyo sababu nikaondoka Jumapili.

Nilikuandikia habari za fizi, ukanijibu habari za vikombe.

Sasa nikuambie nililokuwa sijakuambia. Wakati ule wewe ulibaki nyumbani na Bibi, mimi nikamwuguza Baba hospitalini. Ulipofika uliniuliza alikufaje, nikasema alilala tu. Hakulala. Alihangaika kuvuta pumzi mchana kutwa, mdomo wazi. Alipotulia ukabaki hivyo hivyo, mdomo wa juu umepanda, fizi zimekauka, meno yote nje. Ulikuwa ule ule mdomo wake wa kucheka. Muuguzi akaniambia nimshike taya nilifunge, asije akakakamaa, yeye anatafuta kitambaa cha kumfungia. Alichelewa. Nikakaa pale nimemshika baba yangu mdomo, kila nikilegeza mkono unafunguka.

Tangu siku hiyo nikipiga mswaki naukuta kwenye kioo. Nikicheka nausikia usoni kwangu unavyopanda, halafu nafunika kwa mkono. Watu walidhani naficha rangi. Hata Daktari Naomi sikumwambia. Haikuwa kwa ajili ya wageni wala mapokezi, Mama. Wewe ulikuwa unanitazama ukimwona Baba mzima. Mimi nilikuwa namwona aliyekufa, kila asubuhi, miaka yote hii.

Siwezi kukurudishia. Meno yameshasuguliwa na fizi hazioti.

Tarehe 24 sitakuja. Siwezi kusimama mbele ya kaburi lake watu wote wakinitazama mdomoni kumtafuta mtu ambaye hayumo tena. Shada aweke Julius.

Angela

*

Bashay, Karatu
1 Septemba 2024

Mwanangu Angela,

Sisi wazima, mwanangu, na salamu zako zimefika kwa kila mtu. Bibi nilimsomea ile sehemu yake. Nilifikiri atanigombeza kwa kumsingizia. Alisema tu, "Marsela, mimi sioni, lakini wewe ndiye uliyefumba macho." Nami nilistahili.

Barua yako Supeet aliileta siku mbili kabla ya shughuli. Nikaisoma, nikaiweka kifuani, ikakaa huko mpaka mwisho.

Watu walikuja wengi kuliko viti. Padri alibariki, Julius akaweka shada. Kila mtu aliniuliza, Angela yuko wapi? Nikawa najibu wageni ni wengi kambini, msimu umechanganya, ruhusa imekosekana. Unanijua, maneno hayajawahi kuniishia. Kisha Blandina akanifuata pale penye masufuria, naye akauliza. Nikafungua mdomo nimweleze habari za msimu, nikasema, "Nimemuumiza." Nilidhani atapata la kusema mpaka Krismasi. Alichukua upawa mkononi mwangu akaanza kuwapakulia watu yeye, nami nikakaa.

Baada ya kula wazee wakaanza kumkumbuka baba yako. Wakafika kwenye kicheko chake. Mdogo wake akajaribu kukiiga, hakikuwa chenyewe. Fundi mwenzake akajaribu, nacho hakikuwa. Wakanigeukia mimi, wakasema Marsela ndiye aliyelala na kicheko hicho miaka ishirini na sita, atuambie kilikuwaje. Nikafumba macho nimlete Yohani akicheka. Nikakuona wewe. Nikajaribu tena, nikakuona wewe, na gauni la shule, fizi zote nje. Kila nilipomtafuta yeye nilikukuta wewe. Lile jino lake lililovunjika na spana, mwanangu, sikujua lilikuwa la kulia au la kushoto. Mume wangu. Nikawaambia watu sijisikii vizuri nikaingia ndani.

Kule ndani ndipo nilipoelewa. Mimi sijamkumbuka baba yako hata siku moja tangu tumzike. Sikuona haja. Nilikuwa nakutazama wewe nikatosheka, kama mtu mwenye picha ukutani asiyejihangaisha kukumbuka. Ulipokuja na uso wako mwenyewe nikaona kama vile umemzika mara ya pili. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa sijamzika ile ya kwanza.

Barua yako ya fizi niliisoma mara tatu. Nilielewa tangu mara ya kwanza. Nilijua nikikuandikia neno moja tu, usiziguse, usingezigusa. Lakini nilishawatangazia watu wote, nikaona aibu kurudi nyuma, na vilevile nilitaka vyote viwili, meno ya kuwaringia Bashay nzima na fizi za Yohani zibaki palepale. Basi nikaandika habari za vikombe. Sasa nashukuru kwamba sikuliandika neno lile. Ungeendelea kuubeba mdomo ule kwa ajili yangu, ukipiga mswaki, ukilia, na mimi huku nimekaa nafurahi.

Sikujua kuhusu taya. Nilikuacha peke yako na mtu anayekufa, ukiwa na miaka ishirini na miwili, na uliposema alilala nilikubali haraka mno. Mama mwingine angekuuliza tena. Mimi nilirudi nyumbani nikasimulia kwa majirani jinsi binti yangu alivyomwuguza baba yake kishujaa. Nilikuachia mdomo wake uucheke kwa niaba yangu, nikakuachia na kifo chake ukikae nacho wewe. Vyote viwili vilikuwa vyangu.

Nimemwomba Supeet anibebe kwenye gari lake akija tena, amekubali, amesema nitakaa mbele. Kama hutaki nije, mwambie, atanipa jibu nami sitakasirika. Kama unataka, sitaleta habari za watu wa hapa, wala sitamwambia mtu yeyote huko kwamba mimi ni mama wa msichana wa mapokezi, ingawa hilo litanisumbua.

Nataka tukae mchana, nje, penye mwanga. Unisimulie siku ile yote, kuanzia asubuhi, na muuguzi alivyochelewa, na ulivyomshika. Na lile jino, kama lilikuwa la upande gani, wewe utakuwa unajua. Mimi nitakuwa nakutazama usoni muda wote. Huenda nikalia, mwanangu. Usifunike mdomo kwa ajili hiyo.

Ni mimi mama yako,
Marsela